Mwendo wa Ndugu Yangu

Nilikubali kuutoa mwendo wa ndugu yangu asubuhi ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, katika ofisi moja ya ghorofa ya pili hapa Nakuru. Hakuna aliyenilazimisha. Kijana aliyesimamia matangazo ya kampuni ya maziwa aliniuliza, "Huo mwendo tunaweza kumpa punda wetu?" nami nikamjibu, "Mbona tusiweze?" Neno la kusema lilikuwa hapana. Sikulisema kwa sababu watu wote chumbani walikuwa wanacheka, na mimi nilipenda namna walivyocheka.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Walitaka katuni za kutembea, fupifupi, kila moja isiyofika dakika, za kutumiana kwenye simu na za kuonyeshwa kwenye maonyesho ya kilimo. Mhusika awe punda mzembe anayepeleka maziwa kwa kuchelewa mpaka yanaganda njiani. Mkulima amwone, acheke, halafu yeye awahi. Nilikuwa nimeshamchora punda huyo: masikio marefu, gambuti, kofia ya mzee iliyokunjika ukingo, tumbo la mtu aliyemaliza uji wa wenzake. Walimpenda sana, ila mwendo wake.

"Mzee, huyu punda ako sawa," alisema msichana mmoja wa pale, "lakini anatembea kama yuko gwaride ya Madaraka."

"Anatembea kama amebanwa na choo," mwingine akaongeza.

Nilikuwa mzee wa miaka sitini na tatu kati ya vijana wenye viatu vyeupe. Nilijua wananiona fundi wa mabango aliyeokota kompyuta uzeeni. Kwa hiyo nilisimama. Nikavuta suruali juu kidogo, nikatembea kutoka dirishani hadi mlangoni kama ndugu yangu anavyotembea akibeba maziwa. Msichana wa gwaride alilaza kichwa mezani kwa kicheko. "Rudia, mzee! Rudia!" Nikarudia. Mara ya tatu niliongeza mkono unaoshika mkebe.

Ndugu yangu alinizidi miaka sita. Alipokuwa mdogo sana aliugua homa, na homa ilipomwacha mguu wa kushoto ulibaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake. Alitanguliza wa kulia, akauegemea, kisha wa kushoto akauzungusha kwa nje kama mtu anayesukuma lango kwa goti, na kabla haujatua aliruka kiruko kidogo cha kuvuka mfereji usiokuwepo. Bega lilipanda, kiuno kikashuka. Kichwa hakikusogea. Hili la kichwa sikuliona mpaka nilipojifunza kazi ya katuni. Mwili wote ulipanda na kushuka, lakini kichwa kilikwenda mstari mmoja ulionyooka, na mkono wenye mkebe vilevile, kwa hiyo maziwa hayakumwagika.

Kwetu ni juu, Keringet. Asubuhi ya ukungu huko humwoni mtu uso. Unaona kivuli kinakuja kando ya shamba la viazi, na kwa jinsi kinavyokwenda unasema huyu ni fulani, na huyu ni mke wa fulani, leo amekasirika. Mama alikuwa akimwona ndugu yangu ng'ambo ya bonde, mdogo kama punje ya mtama, ndipo anaweka sufuria ya chai motoni. Ikichemka, yeye yuko mlangoni.

Nikiwa na miaka minane au tisa nilimwigiza jikoni, mbele ya dada zetu. Mama alinyanyua mwiko. Ndugu yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alimzuia.

"Mwache, mama. Ananipata kweli." Kisha akanigeukia mimi. "Kiuno. Kiuno hakijashuka vizuri. Tena."

Nikarudia, kiuno kikashuka, na yeye akacheka kuliko wote. Halafu akaniita nje, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa nyumbani sawa. Nje usifanye."

Sikufanya nje mpaka siku ile ya ofisini.

Nilimaliza kidato cha nne, nikashuka Nakuru, nikawa mchoraji wa mabango. Nimechora kinyozi na vichwa vyake vinne, nimechora saluni, nimechora ng'ombe wengi sana wanaotabasamu juu ya milango ya bucha huku nyama yao ikining'inia chini. Mwenye bucha mmoja wa Bondeni aliwahi kunilalamikia kwamba ng'ombe wangu anatabasamu kupita kiasi, wateja wanamhurumia. Nilimpunguzia meno. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kujua kwamba mhusika ni kitu unachoweza kukosea hata kama umbo umelipatia.

Mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine yalipokuja, brashi zetu zilikauka. Wenzangu wengine walirudi shambani. Mimi nilikuwa na mchezo wangu wa siku nyingi: kwenye pembe za vitabu vya risiti vilivyoisha nilichora mpira, kila ukurasa umesogea kidogo, nikivipeperusha kwa kidole gumba mpira unaruka. Kutoka mpira nilifika kuku, kutoka kuku nikafika mtu. Niliponunua kompyuta iliyokwisha kutumika na watu wengine nilikuwa nimeshachora maelfu ya kurasa za risiti, na nilichohitaji kufundishwa ni vitufe tu.

Baadaye nikaanza kufundisha. Kila Jumamosi, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo wanafunzi wangu wote walijifunza katuni huku wakinusa dawa ya kupe. Walikuja watu wa kila namna: mpambaji wa keki, mwalimu wa chekechea, vijana wawili waliotaka kuchora mashujaa wenye misuli na hawakutaka kuchora kitu kingine. Aliyewashinda wote alikuwa mwanamke mmoja wa Karagita, kule Naivasha. Kazi yake ilikuwa kupanga waridi katika shamba la maua: urefu huu huku, urefu ule kule, kichwa kilichoinama kidogo kando. Siku sita za juma alitazama tofauti ambazo mimi na wewe hatuzioni, na Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alipanda gari kuja Nakuru kuchora. Jicho lake lilikuwa kali hadi nilikuwa naogopa kumwonyesha kazi ambayo haijaisha.

Somo langu nililolipenda kuliko yote lilikuwa hili. Mchore mhusika wako, kisha mfunike mwili wote kwa wino mweusi, uso, nguo, vifungo, kila kitu. Kama bado unamtambua, umechora mtu. Kama humtambui, umechora nguo. Na kazi ya nyumbani ilikuwa kukaa sokoni saa nzima na kuchora watu wanaopita bila kuwachora uso. "Uso ni wa kuvaa," nilikuwa nikiwaambia, huku nikitembea mbele yao na mikono mgongoni. "Mtu yuko kwenye mwendo."

Nimeandika haya ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua na nilikuwa nikifundisha.

Tulimtengeneza punda kwa majuma sita. Mimi nilichora picha kuu, ile ya mguu unapotua, ile ya kiuno kikiwa chini kabisa, ile ya kiruko. Yule mwanamke wa Karagita nilimwomba anisaidie kuchora picha za katikati na kusafisha mistari. Jumamosi moja aliendesha mwendo mzima kwenye kompyuta, hatua baada ya hatua, punda anakuja bila kufika. Kisha, bila kuniuliza, akamjaza wino mweusi. Masikio aliyafuta. Akakaa akitazama.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Punda."

"Punda sisi tunao Karagita, wanavuta maji kutwa nzima mlangoni kwangu. Hakuna anayetembea hivi. Huyu ni mtu, ana mama yake."

"Ni ndugu yangu," nikasema.

"Anajua?"

"Atacheka. Ni mtu wa mzaha sana."

"Sijauliza kama atacheka, mwalimu. Nimeuliza kama anajua."

Simu yangu ilikuwa palepale mezani, kando ya mkono. Ningempigia, angeniambia neno moja, nami nilijua ni neno gani, ndiyo maana sikupiga. Badala yake nilimwomba anipishe kwenye kiti. Nikabonyeza kitufe kimoja, na picha zote zikageuka, mguu mbovu wa kushoto ukawa wa kulia.

"Haya," nikasema. "Sasa si yeye."

Alitazama hatua tatu, nne. "Wewe ndiye mwalimu," akasema, akarudi kusafisha mistari.

Punda alipendwa. Sijawahi kufanya kitu kilichopendwa namna ile. Watu waliokuwa hawanijui walinitumia punda wangu mwenyewe kwenye simu, wakiniuliza kama nimeshamwona. Kwenye maonyesho watoto walimwiga wakiwa wamepanga foleni ya aiskrimu, kiuno chini, kiruko, kiuno chini, kiruko. Nilisimama nyuma yao nikiwahesabia mapigo. Walikuwa wanapatia.

Ilipita kama miezi miwili kabla sijapanda Keringet. Nilikwenda kwa furaha. Nilichaji simu usiku uliotangulia ili nimwonyeshe ndugu yangu, na njiani nilipanga maneno ya kumwanzia. Niliposhuka nilikwenda kwa vijana wa bodaboda.

"Mzee, karibu. Nikupeleke?"

"Kwa ndugu yangu, juu ya josho la ng'ombe."

"Yule wa maziwa? Kwa Punda?"

Mwenzake, aliyekuwa amejilaza juu ya pikipiki yake na kofia usoni, alicheka bila kuinua kofia. "Wacha matusi wewe. Huyo ni mzee wa watu."

"Matusi gani? Si kila mtu anamwita hivyo? Hata yeye alikuwa anacheka, mwanzo."

"Mwanzo," mwenzake akasema.

"Siku hizi haji, bosi," yule wa kwanza akaniambia huku akiwasha pikipiki. "Maziwa yake nachukua mimi. Mzee alikuwa anafika saa kumi na mbili kamili, mvua inyeshe isinyeshe, wewe unaweza kuweka saa yako na yeye. Mimi nachelewa karibu kila siku. Na hakuna mtu ananiita punda."

Alisema kwa mzaha tu, kijana mwema. Hakujua kwamba anayembeba ndiye aliyemchora punda.

Shemeji alinipokea langoni. Ndugu yangu alikuwa barazani, kwenye kiti cha mbao, na hakusimama. Alinipa mkono akiwa ameketi. Sisi hatusalimiani hivyo. Mimi ndiye mdogo, lakini ndugu yangu alikuwa mtu wa kukufuata mpaka langoni, akakupokonya mzigo kabla hujauweka chini.

Tulizungumza habari za mvua. Tukazungumza bei ya mbegu za viazi. Simu ilikuwa mfukoni, imejaa moto kama jiwe la jua, au ni mimi niliyeisikia hivyo.

"Nionyeshe basi," akasema mwishowe.

"Nikuonyeshe nini?"

"Usijifanye. Umekuja nayo."

Nikamwonyesha. Alitazama mpaka mwisho, punda akifika kituoni na kukuta mizani imeshafungwa, maziwa yameganda, kila mtu anacheka. Akanirudishia simu.

"Mguu umekosea. Wangu ni wa kushoto."

Nikacheka, kwa sababu nilidhani ananipa njia ya kutokea. Yeye hakucheka.

"Na mimi sijawahi kuchelewa," akasema. "Hata siku moja."

Nilikuwa nimetafuta mwendo wa kuchekesha, nikauchukua kwa mtu niliyemjua, nikaubandika juu ya kosa ambalo mtu huyo hakulifanya maisha yake yote. Miaka arobaini ya kufika kabla ya jua. Mama yetu alipofariki alipeleka maziwa kwanza, ndipo akaja kuanza matanga.

Nilisema nisamehe. Akasema, "Kunywa chai, inapoa."

Lazima nieleze jambo moja ambalo wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Mgeni hatoki peke yake. Unamsindikiza. Ndugu yangu alinisindikiza kila mara mpaka barabara kubwa, njia ambayo mtu mwenye miguu miwili mizima huimaliza kwa dakika kumi na yeye kwa ishirini, na sisi hatukuwa na haraka. Nyumbani kuna watu, kuna watoto, kuna chai. Mazungumzo ya kweli tulikuwa tunayaweka mpaka njiani. Kwenye njia hiyo tuligawana shamba la baba bila kupaza sauti. Kwenye njia hiyo nilimwambia kwamba mke wangu amepatikana na ugonjwa ambao hautapona, kabla sijawaambia watoto wangu. Yeye alikwenda kwa kiruko chake kando yangu, na tulipofika barabarani hakurudi, akanisindikiza mara ya pili, mpaka sokoni.

Siku ile niliposimama kuaga, alibaki kwenye kiti. "Nenda salama," akasema. "Salimia watoto."

Shemeji ndiye aliyenitoa. Tulipofika kwenye ua wa michongoma akaniambia bila kunitazama, "Hatembei tena mbele ya watu. Akitaka kwenda shambani anangoja watoto waende shule, wapite wote. Kanisani aliacha. Mwanzo alikuwa anacheka nao, shemeji, usidhani ni mtu wa kununa. Lakini siku moja kwenye foleni ya maziwa watu wazima walimwanzishia, wote pamoja, wanatembea nyuma yake. Watu aliowaona wakizaliwa."

Nilirudi Nakuru, kesho yake nikaenda ofisini kwao. Yule kijana alinisikiliza vizuri, siwezi kumsema vibaya. "Lakini mzee, watu wanampenda," akasema. "Si wanampenda?" Nikamwambia nitachora mwendo mwingine, bila wao kutoa chochote. Walikubali. Mwendo mpya niliuchukua kwa bata. Watu hawakuupenda, na ule wa zamani ulikuwa umeshakaa kwenye simu zao. Kitu kikishaingia kwenye simu za watu huwezi kukizunguka mlango kwa mlango ukikifuta.

Kisha nikafanya kosa la pili, kwa nia njema. Nilipanda Keringet jioni, nikalala kwa mtu mwingine, na alfajiri nikasimama mbele ya foleni ya maziwa. Niliwaambia kwamba mimi ndiye niliyemchora yule punda. Nikawaambia kwamba mwendo ni wa ndugu yangu, nimeuchukua bila ruhusa, na kwamba ndugu yangu hajawahi kupeleka maziwa kwa kuchelewa. Walivua kofia wakanisikiliza kama wanasikiliza tangazo la kifo.

"Hilo tunalijua, mzee," mmoja akasema. "Yeye alikuwa wa kwanza kila asubuhi, sisi ndio tulikuwa tukipanga laini nyuma yake."

Sikuwa nimefikiria kitu kimoja. Kabla ya asubuhi ile ilikuwa ni kufanana tu, mzaha wa watu wa foleni, ungeweza kuchakaa kama mizaha yote. Mimi nilikwenda nikauthibitisha. Sasa punda alikuwa yeye kweli, kwa ushahidi wa ndugu yake wa tumbo moja.

Alinisamehe. Nilimpelekea blanketi na sukari, nikaenda na mzee mmoja wa kanisa kama inavyotakiwa, na ndugu yangu alisema mbele yetu, "Nimekusamehe, kula." Alikuwa mtu anayemaanisha maneno yake. Baada ya hapo alinipigia simu kila Jumapili kama zamani. Nilipolazwa kwa ajili ya macho alimtuma kijana wake na kuku wawili, na ujumbe kwamba ni kuku mmoja kwa kila jicho. Mzaha ulirudi. Ila kila nilipokwenda nilimkuta ameshaketi. Nikiagana, ameketi. Nilijaribu kufika bila kusema. Mbwa walibweka, na nilipozunguka nyumba alikuwa kwenye kiti, anahema kidogo, kama mtu aliyewahi.

Niliona niulize tu, sisi si watoto. Ilikuwa baada ya miaka mitatu au minne ya hali hiyo.

"Nisindikize leo."

"Nikisimama utaangalia."

"Sitaangalia. Nitatangulia mbele."

"Wewe?" Akatabasamu, tabasamu la kweli, bila uchungu. "Wewe huwezi kutoangalia. Ndiyo kazi yako."

Nikatoka na shemeji. Kwenye michongoma niligeuka, kwa sababu ni kweli siwezi. Kiti kilikuwa na mtu.

Darasani nilibadilisha mambo machache. Mwanafunzi akichora mwendo wa mtu anayemjua, namtaka aende akamwombe huyo mtu kwanza, na arudi aniambie alijibiwa nini. Vijana wa misuli waliona ni upuuzi. Mtu wa sokoni utamwomba vipi, amepita? Niliwaambia basi mchoreni huyo wa sokoni, msiyemjua, lakini wa nyumbani muombeni. Yule mwanamke wa Karagita hakuhitaji kuambiwa. Sasa ana darasa lake Naivasha, na nasikia ni mkali kuliko mimi. Aliwahi kunitembelea, tukaongea habari nyingi, na punda hakumtaja. Nilimshukuru kimoyomoyo, na pia nilitamani amtaje.

Ndugu yangu alikufa mwaka uliopita, wakati wa mvua ndefu, kwa ugonjwa wa kifua. Nilifika akiwa kitandani, tukashikana mikono siku mbili, na aliniagiza mambo ya kawaida: mti fulani ukatwe kabla haujaangukia choo, ng'ombe mwekundu asiuzwe. Hakuna neno lililobaki kati yetu ambalo halijasemwa. Tulimzika kwenye shamba la viazi, upande unaotazama bonde.

Baada ya arobaini kupita shemeji alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. "Shemeji, nichoree akitembea," akasema. "Si yule punda. Yeye. Nimwone anakuja na mkebe."

Nilianza siku hiyohiyo. Sijawahi kuketi kwenye kazi kwa moyo kama ule. Nilichora kofia yake, koti lake la kahawia lenye kiraka, mkebe, ukungu nyuma yake. Mguu niliuweka wa kushoto. Niliendesha hatua ya kwanza na nikaona kuna kitu si sawa, nikafuta. Nikachora upya. Kiuno kilishuka mahali ambapo vijana wa ofisini walikuwa wamecheka. Kiruko kilikuwa kirefu, kwa sababu nilikuwa nimekirefusha ili kichekeshe, na sasa mkono wangu haukujua kingine. Nikajaribu kumkumbuka yeye peke yake, njiani, kando yangu, siku ile ya habari za mke wangu. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia gambuti kwenye tope. Nilipotaka kumwona anavyokwenda, kilichokuja ni punda. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya mwezi.

Mwishowe nilipeleka nilichokuwa nacho. Shemeji aliitazama barazani, simu ameishika kwa mikono miwili. Akaitazama tena. Mara ya tatu aliisogeza karibu na macho, kisha akanirudishia taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake.

"Asante, shemeji," akasema. "Umefanya kazi. Lakini huyu siye."

Hivyo ndivyo nilivyolipa kwa kutosema hapana. Miaka saba ya mwisho ya ndugu yangu sikumwona akipiga hatua hata moja, na mwendo wake wa kweli, niliotembea nao tangu utoto, umenitoka kabisa na haurudi. Niliobaki nao ni ule niliouuza.